Mwenye Kufunga Ndiye wa Kuonja

Nikifumba macho bado naisikia ile pikipiki ikipunguza mwendo kwenye kona ya garage: tii-tii-tii, kama kundi la ndege waliotishwa mpungani. Sauti hiyo naijua vizuri, maana utoto wangu kule Bwegera niliumaliza shambani, nikifukuza ndege kwa kugonga kopo. Mafundi wengine walitoka mbio kuangalia kinacholia. Minye mwenyewe nilibaki nimeshika spana, nacheka peke yangu. Nilifikiri: ndege wamenifuata mpaka Uvira.

Haikuwa ndege. Ilikuwa kompresa, mashine iliyofungwa kwenye moteri, yaani injini, kuipulizia hewa kwa nguvu, na ililia hivyo kila mwenyewe alipoachia gazi ya kuongezea mwendo. Sisi pikipiki yoyote tunaiita moto, lakini hii ilikuwa kitu kingine: nyeusi, pana kama ndama, imevushwa kutoka Bujumbura na kijana ambaye baba yake ana maduka. Alishuka bila kusalimia.

"Inalia sana lakini haiendi," alimwambia patro wetu, mwenye garage. "Nikifungua gazi, moteri inapanda, tairi inabaki."

Patro aliinama, akanusa ubavuni mwa moteri. "Ambreyaji imeungua."

Ambreyaji ndiyo inayoishika nguvu ya moteri na kuikabidhi tairi. Ndani yake mna sahani nyembamba zinazobanwa kwa resori, springi za chuma, na ukivuta kishikio zinaachana. Sahani za moto hii zilikuwa zimeshindwa na nguvu ya ile kompresa, zinateleza kama miguu kwenye matope. Kijana alikuja na kartoni yake tayari: sahani ngumu zaidi, resori nene, na vipande vingine vidogo.

Garage yetu ilikuwa na desturi. Mwenye kufunga ndiye wa kuonja. Aliyeifunga moteri ndiye anayepanda wa kwanza, anakwenda mpaka daraja la Mulongwe na kurudi, kabla ya mwenye moto kugusa. Patro alisema muntu hawezi kusahau skuru kama anajua mguu wake ndio utatangulia. Nilikuwa nimeshaonja moto ndogo nyingi, zile za kupandisha watu milimani Rurambo, na kila nilipofika darajani nilipiga honi bila sababu. Usiku niliota garage yangu mwenyewe kule Bwegera, yenye ukuta wa bluu na picha ya moto iliyochorwa mlangoni.

Na patro alikuwa ameniahidi mbele ya watu: siku nitakayofunga moto kubwa na kuionja bila kuanguka, nitaacha kuosha vipande vya moteri, nitakuwa mekanisye wake, fundi kamili. Nikianguka, nirudie mpunga. Kwa hiyo nilimkumbusha palepale.

"Patro, moto kubwa ndiyo hii."

Alikitazama kitenge changu cha kazi, kisha mikono yangu. Wamotari waliokaa kwenye benchi wakingoja abiria ndio waliojibu.

"Mukono hiyo iko ya kutwanga majani ya sombe."

"Acha atwange ambreyaji. Tutakula."

Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa na tabia hiyo, watu wakinicheka nami nacheka, nikidhani ndivyo watu wanavyozoeana.

"Haya, mama," patro akasema. "Fungua."

Nilifanya kazi ile kwa raha ambayo sijui kuieleza. Sahani mpya nilizilaza kwenye mafuta ya moteri tangu jioni, maana ukizipanga kavu zitaungua siku ya kwanza. Asubuhi nilizipanga, ngumu na laini zikipokezana, kisha nikakaza skuru za resori kidogo huku kidogo kule, kama muntu anayewamba ngoma. Patro alisimama juu yangu, hakupata la kunikosoa. Mwishoni, ndani ya kartoni kilibaki kipande kimoja cha chuma cha rangi ya bluu, urefu wa kidole, chenye tundu mwishoni.

"Patro, na hii?"

Alikichukua, akakigeuza, akakitia mfukoni. "Hii si ya moto hii. Waliweka kwa makosa."

"Asante, patro," nikasema.

Walinitolea moto barabarani. Nilipanda, vidole vya miguu vikagusa chini kwa shida. Nikavuta kishikio cha ambreyaji, kile cha mkono wa kushoto, na nikajua mara moja. Resori zile nene zilikuwa zinanirudishia nguvu zangu zote. Nilikivuta kwa vidole vyote vinne, kikaja polepole kama ndoo kutoka kisima kirefu. Lakini kilikuja. Nikatia gia ya kwanza. Kilichobaki ni kuachia taratibu na kwenda.

"Ngoja kwanza," kijana akasema. "Nipige video."

Alitoa simu. Akaifuta kwenye shati. Akasogea upande wa jua, akarudi. Mkono wangu ulianza kutetemeka.

"Nitoe gia, patro?"

"Usitoe. Iko anapiga."

"Cheka kidogo, mama," kijana akasema. "Mbona umenuna kama muntu wa matanga?"

Nikacheka. Naapa nilicheka, meno yote nje. Wamotari walikuwa wamesimama juu ya benchi. Mmoja akasema, "Angalia mukono, iko inacheza ndombolo," na wote wakaangua kicheko. Nilimtazama patro. Yeye alikuwa anatazama mkono wangu tu, ametulia kabisa, kama muntu anayengoja maji yachemke.

Vidole vikaachia. Moto iliruka mbele, ikaninyanyua, ikalala ubavu, na bomba la moshi likakaa juu ya mguu wangu. Kijana alikuja mbio. Aliinama kwenye moto, akapapasa rangi iliyokwaruzika. Mguu wangu niliuchomoa mwenyewe.

"Mumeona?" patro akawaambia watu. "Si minye. Ni desturi." Kisha akanigeukia. "Mpunga iko inakungoja."

Jioni ile video ilishapita kwenye simu za mtaa mzima. Mama yangu, ninayekaa naye mjini, alionyeshwa sokoni, mahali anapouzia samaki wadogo, ndagala. Alirudi, akanipaka asali kwenye kidonda. Mwishowe aliuliza neno moja tu.

"Ulikuwa unacheka nini?"

Kesho yake nilirudi garage kuchukua kitenge changu cha kazi. Moto ilikuwa kivulini, safi. Pale kamba ya ambreyaji, itokayo kwenye kishikio, inapoingia kwenye moteri, nilikiona kile chuma cha bluu. Kimefungwa pahali pake, na kamba imeshikwa kwenye tundu la mwisho. Sikuhitaji kuelezwa. Mkono mrefu wa chuma unafungua ambreyaji kwa urahisi kuliko mfupi. Hata mama anayeinua jiwe kwa mti anajua.

Patro aliniona nikitazama. Hakuona haya.

"Ile inalainisha," akasema. "Ningeiweka jana, ungepita. Na ungepita, hawa watu wangesema garage yangu iko ya wanawake." Akajifuta mikono, akaongeza kwa sauti ya upole, kama baba: "Kazi ulifanya muzuri. Sahani hazitelezi hata kidogo."

Kisha yeye na kijana wakavuka barabara kwenda kula bugali. Wamotari walikuwa wameshaondoka na abiria. Nilibaki peke yangu na kitenge begani.

Nikaisogelea moto. Nikaweka vidole viwili tu juu ya kishikio, nikavuta. Kikaja chote, chepesi, mpaka kikagusa mpini. Nilikishikilia hapo muda mrefu kuliko ule wa video. Mkono haukutetemeka. Kisha nikakiachia polepole, kama alivyonifundisha patro, mpaka kikarudi pahali pake bila sauti.