Suruali ya Kibonge

Fundi cherehani huyo mdomo hakuuazima kwa mtu. Ukimpitia na mshono mbaya, umekwisha. Atakusema mpaka utamani kuivua nguo palepale. Ila jambo moja lilimfunga ulimi miaka yote: kilichomuua mwanawe. Ukimuuliza, anakukata, "Kifua tu."

Hilo ndilo lililomkwamisha kwenye chumba cha nyuma ya zahanati, ambako akina mama waliofiwa walikuwa wakishona kitambaa kimoja kikubwa cha ukumbusho. Sharti lao lilikuwa moja: unaleta nguo ya marehemu wako, unakata kipande, na kabla hakijaunganishwa unasema kwa sauti jina lake na ugonjwa uliomchukua. Fundi aliviunga vipande vya wenzake vyote. Cha mwanawe hakuleta. Na leo walikuwa wanafunga pindo. Asiyeingia leo, basi tena.

"We dada," akasema muuza mkaa, shoga yake wa siku nyingi, "mtoto abaki nje kama hakuzaliwa?"

Yalimchoma. Akafungua mkoba, akatoa suruali ya kijivu ambayo hakuigusa tangu mazishi.

"Haa! Ya Kibonge hii?" Muuza mkaa alicheka huku machozi yakimlenga. "Kiuno chembamba namna hii, jamani!"

Kijana alikuwa amejaa kwelikweli, ndiyo maana ya jina. Alipoanza kukonda, mama yake akawa anampunguzia suruali kila mara, imkae vizuri, majirani wakose la kusema. Kitambaa cha ziada hakukikata. Alikikunja kwa ndani, akijiambia: atanenepa tu, nami nitafumua. Kisha mwishoni suruali ikaacha kulegea. Fundi alifurahi huyo! Alimkimbilia shoga yake: "Mwanangu hakondi tena, anapona!" Wiki haikuisha, wakamzika.

Sasa akaigeuza suruali ndani nje, akashika wembe afumue.

Mshono wa juu kabisa haukuwa wake. Ulikuwa wa mkono, umepinda ovyo, kwa uzi wa bluu wa kutoka mkebe wake mwenyewe. Kibonge, ambaye hata kifungo hakujua kushona, aliiba sindano ya mama yake akajipunguzia mwenyewe, ili mama asijue kwamba bado anakonda.

Fundi akakaa chini, hoi. Kisha akainuka, akasema kwa sauti.

"Kibonge wangu. Ukimwi. Mimi niliwaficha nyinyi, kumbe naye alikuwa ananificha mimi."

Muuza mkaa akausogelea ule mshono. "Tuufumue huu, dada, uushone vizuri?"

"Uguse uone!"

Akakata kipande na mikunjo yake yote ndani. Cherehani ikagoma, unene ulizidi. Akakishona kwa mkono, kwa uzi wa bluu, na kwa kulia vile, mshono wake ukapinda kama wa mwanawe.