Dawa Chungu ya Pikelet

Noelene Tuckwell alipofunua kitambaa cha kizimba asubuhi ya Jumapili akamkuta Pikelet amejikunyata pembeni, manyoya yamemsimama na machozi mekundu yanamtoka, jambo la kwanza alilofanya ni kutukana. Hakumtukana panya. Aliitukana Jumapili, maana wanyama wa mji mdogo wa Tarrabine wana tabia ya kuugua siku ambayo kila mlango umefungwa na kila mtu yuko kanisani au uwanja wa mpira.

Jana yake jioni Pikelet alikuwa buheri wa afya, akipanda pazia na kuiba mkate wa siagi mezani. Alikuwa mtoto bado. Noelene alimnunua pamoja na dada yake, Crumpet, kutoka kwa mwanamke mmoja wa mji wa Dubbo ambaye hauzi panya mmoja mmoja, kwa kuwa panya akiwa peke yake hunyong'onyea. Majina aliwapa ya vitafunio vyake vya chai: pikelet ni kichapati kidogo kinene, na crumpet ni mkate wa matundumatundu unaokunywa siagi mpaka ukalewa. Crumpet alikuwa wa kula na kulala, na hakujali mkono unaomlisha ni wa nani. Pikelet ndiye aliyekuwa wake. Akiitwa, anakuja. Anapanda mkono mpaka begani, anajificha chini ya nywele, anamlamba sikio. Na hili lazima lisemwe, maana bila hili habari nzima haina kichwa wala miguu: katika maisha yake yote Noelene, mwenye miaka sitini na minne, hakuwahi kuwa na kiumbe kinachomkimbilia yeye kwanza.

Mwaka wenyewe nao ulikuwa mwaka wa baa la panya. Panya wadogo wa mashambani walikuwa wameivamia nchi yote ya ngano, wakala majani makavu ghalani, wakatafuna nyaya za magari, wakazaa kwenye mifuko ya makoti. Kila nyumba ilikuwa na ndoo ya maji ya kuwazamisha. Clarrie, kaka yake Noelene, alikuwa mfugaji. Walimmalizia chakula cha ng'ombe cha mwaka mzima, akauza ng'ombe, akakodisha shamba, akahamia chumba cha nyuma kwa dada yake. Alisema ni kwa wiki mbili tu. Wiki mbili za Clarrie zilikuwa zimeshakula Krismasi na Pasaka, na mtu wa namna hiyo unamwambiaje kwamba panya anaumwa?

Alimwambia vilevile.

"Yupi?" Clarrie akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye mayai yake. "Yule mnene au yule mwizi?"

"Yule mwizi."

"Basi amshukuru Mungu, anafia kitandani. Wenzake wanafia ndooni."

"Hajafa, Clarrie! Na ukiendelea kuufungua huo mdomo, hayo mayai ni ya mwisho kula kwenye nyumba hii."

Akapiga simu ya dharura ya daktari wa mifugo. Akapokea msichana mwenye sauti ya usingizi.

"Ni ng'ombe amekwama kuzaa, mama?"

"Hapana. Panya."

"Mama, kama unataka sumu, duka linafunguliwa kesho."

"Nani kasema sumu? Nataka daktari! Panya wangu anaumwa, anapumua kwa kelele kama birika."

"Panya wako," msichana akarudia, kisha akaifunika simu kwa mkono, na nyuma yake Noelene akasikia mtu anacheka kicheko cha kujikaba koo. "Samahani, mama. Si dharau. Ila mwaka huu hakuna hata mmoja aliyetupigia akitaka wapone. Kala sumu?"

"Hajala sumu. Hatoki nje."

"Basi daktari yuko mashambani mpaka usiku. Mlete kesho asubuhi. Au umpeleke Sydney."

Sydney! Gari la Noelene lilikuwa likikohoa hata likienda dukani, na la Clarrie lilikuwa limelala uani, nyaya zake zimetafunwa. Akaikata simu kwa nguvu, akabaki jikoni ameshika kiuno, hasira imemjaa na hana pa kuimwaga.

Akafanya aliyoyajua. Alimwekea chupa ya maji ya moto iliyofungwa soksi. Akampa maji ya asali kwenye ncha ya kidole. Akafungulia maji ya moto bafuni, akakaa naye kwenye mvuke mpaka nywele zake mwenyewe zikamganda usoni, na Pikelet akaonekana kupata nafuu kidogo. Clarrie akapita mara ya kwanza, akachungulia. Akapita mara ya pili. Mara ya tatu akasimama mlangoni akikuna shingo, akauliza kama kuna la kusaidia. Noelene akamwambia msaada wake ni kumwondokea hapo.

Mchana akatoka kwenda kwenye duka la kituo cha mafuta kutafuta mtindi, labda panya angelamba. Hakukaa sana. Aliporudi, mlangoni tu harufu ikampokea, ile harufu kali ya utoto wa kila mtu wa nchi ile, ya leso na vifua vilivyobana. Mafuta ya mkaratusi. Akakimbilia kizimbani. Pikelet alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, mbavu zinapanda na kushuka kwa kasi ya kutisha.

"Clarrie! Umefanya nini?"

Clarrie akatokea na kichupa mkononi, uso mkunjufu kabisa. "Matone mawili matatu tu, kwenye kitambaa chake. Mama si alikuwa ananitilia kwenye leso nikiwa na mafua? Kesho yake nilikuwa naamka mzima."

"Wewe ulikuwa dume la kilo arobaini! Huyu ana mapafu kama punje mbili za dengu! Unamchoma!"

"Sikujua, Nole."

"Hujui, hujui, wewe kila siku hujui! Kama ulitaka kumuua si ungemtia ndooni, angalau ni haraka!"

Aliyasema, na alikusudia kila neno. Akafungua madirisha yote, akatupa vitambaa nje, akamtia panya kifuani ndani ya sweta na kutoka naye uani penye hewa safi. Akatembea huku na huko kando ya kamba ya nguo, akiapa kwamba huyu akifa, Clarrie hatalala tena chini ya bati lake.

Na kilichomchoma zaidi ni kutajiwa Mama. Alikuwa amemuuguza Mama katika nyumba hiyohiyo kwa miaka, akimgeuza, akimwosha, akimmezesha vidonge asubuhi na jioni. Mama alikuwa akimtemea vidonge usoni na kumwita askari jela. Clarrie alikuwa akija Jumapili kutoka shambani na kopo la aiskrimu, na Mama uso ukamng'aa: huyu ndiye mwanangu mwema. Siku Mama alipokata roho, mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Clarrie. Noelene alikuwa jikoni anasaga vidonge. Hakuwahi kumwambia mtu jinsi hilo lilivyomuuma, na liliendelea kumuuma.

Pikelet hakufa. Jumatatu asubuhi Noelene alikuwa wa kwanza kwenye benchi la daktari, sanduku la viatu mapajani, amekaa kati ya mbwa wawili wa kuchunga kondoo walioliangalia sanduku kwa hamu sana. Daktari Strahan alikuwa mwanamke kijana, buti zake bado zina mavi ya ng'ombe.

"Nikuambie ukweli, mama," alisema, "mimi ni wa ng'ombe na kondoo. Lakini jana usiku nimempigia mwenzangu anayetibu hawa. Hebu tumsikilize."

Akamsikiliza kwa kifaa kilichokuwa kikubwa kuliko mgonjwa. Akasema mapafu yamevimba. Machozi mekundu si damu, ndivyo macho yao yanavyofanya wakizidiwa. Akampa chupa ya dawa na bomba dogo lisilo na sindano.

"Asubuhi na jioni, mpaka chupa iishe. Hata ukimwona amepona, usiache. Ukiacha, itarudi, na ikirudi itamchukua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Na mafuta ya mkaratusi?"

"Yasifike hata sebuleni. Na jambo moja, mama. Dawa ni chungu, nimeionja mwenyewe. Mtu anayempa, atamchukia."

Noelene akaguna. Akadhani ni maneno tu ya madaktari.

Jioni ile akamfunga Pikelet ndani ya taulo, kichwa tu nje, akapenyeza bomba pembeni mwa meno. Pikelet akapiga kelele ambayo hungedhani ingetoka kwenye mwili mdogo vile. Akatapatapa, akamkwaruza, nusu ya dawa ikaishia kwenye kidevu, ikabidi arudie. Alipomwachia, mlangoni alikuwa amesimama Clarrie, macho chini, ana kijiko cha mtindi.

"Wa kumtoa uchungu mdomoni," akasema. "Hamna kitu humo, Nole. Onja mwenyewe kama huniamini."

Noelene alikuwa amechoka kugomba, akamruhusu. Hapo ndipo alipokosea, ingawa ukimuuliza leo atakuambia hakukosea, alitendewa.

Siku zikaenda. Pumzi ya Pikelet ikatulia, manyoya yakalala, wizi wa mkate ukarudi. Lakini Noelene akiingia chumbani, Pikelet anajibana nyuma ya kizimba. Akisikia chupa inatikiswa, anajipenyeza chini ya Crumpet mpaka haonekani. Akiitwa, haji. Mkono uleule aliokuwa akiupanda, sasa anaunusa kwa mbali na kuukimbia. Na yule aliyemchoma mapafu, yule wa mafuta ya mkaratusi, ndiye anayetembea naye nyumba nzima ndani ya mfuko wa shati.

Jumamosi moja Noelene alikuwa anakaanga nyama ya kondoo, Clarrie yuko sebuleni anaangalia mpira.

"Nole! Njoo uone! Ananilamba sikio!"

Shukrani ya punda ni mateke, wahenga walisema, na hawakuwa wamemjua Pikelet. Noelene akazima jiko. Akaenda akasimama mbele ya televisheni, kisu cha kugeuzia nyama mkononi.

"Kesho dawa utampa wewe. Mtindi nitampa mimi."

"Hiyo tu?" Clarrie akacheka. "Dada, mimi nimenywesha kondoo dawa tangu sijaota ndevu. Panya ni kitu gani?"

Asubuhi akakunja mikono ya shati, akamfunga Pikelet kwenye taulo vizuri kuliko Noelene alivyowahi kumfunga, akainua bomba. Pikelet akalia. Mkono wa Clarrie ukasimama hewani. Akajaribu tena, Pikelet akalia tena, na safari hii akamtazama moja kwa moja usoni.

"Analia, Nole."

"Ndiyo, analia."

"Kondoo hawaliagi hivi." Akalishusha bomba. "Labda leo tumwache. Mtazame, amepona huyu."

"Chupa haijaisha."

"Siku moja tu."

"Chupa haijaisha, Clarrie!"

Akaliweka bomba mezani. "Siwezi. Mimi siwezi."

Noelene alimwangalia kaka yake, mzee mzima mwenye mikono kama majembe, amesimama jikoni na panya kwenye taulo na midomo inamcheza. Miaka yote hiyo alikuwa ameamini kwamba Clarrie ana kitu ambacho yeye hana, kitu kinachofanya wapendwao wamgeukie. Hakuwa nacho. Kila mara ilipofika kazi ya kuliza, palikuwa na mtu mwingine wa kuifanya, basi. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakapata moto.

Clarrie akauliza polepole, "Mama naye alikuwa analia hivi ukimpa vidonge?"

"Kila asubuhi. Na kila jioni."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa unakuja na aiskrimu. Ningekuambia saa ngapi?"

Kwenye mwanga wa dirisha Clarrie alionekana kuzeeka ghafla. Kisha akaivuta taulo, akamkaza Pikelet kifuani kwa mikono miwili, akampandisha kidevu kwa kidole gumba.

"Haya. Mimi nashika, wewe tia."

"Atakuchukia."

"Na anichukie. Tia."

Akatia. Pikelet alilia, akameza, akapiga chafya, akamng'ata Clarrie kidole. Walipomwachia mezani akawaangalia wote wawili kwa zamu, akajitikisa, akaenda moja kwa moja kizimbani na kujichimbia chini ya dada yake. Noelene akapeleka kijiko cha mtindi. Pikelet hakugeuka. Clarrie akakichukua kijiko, akabembeleza kwa sauti yake tamu kuliko zote. Akapewa mgongo naye.

"Mshenzi huyu," Clarrie akasema, akinyonya kidole kinachotoka damu.

Noelene akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka machozi yakamtoka, na haikuwa rahisi kujua yote yalikuwa ya kicheko. Crumpet ndiye aliyekuja akala mtindi wote na kulamba kijiko.

Jioni, Noelene alipofungua kabati kutoa chupa, alimkuta Clarrie amekwisha simama karibu na kizimba, taulo begani.