Safu za Duka la Hooyo

Niliporudi Garissa kutoka Takaba, Ramadhani ikiwa imekaribia, nilikuta mama, hooyo kwa Kisomali chetu, ameondoa vitambaa vyote dukani. Duka lake la sokoni alikuwa analigeuza mahali pa kuswalia wauza maziwa, wanawake ambao miaka yote waliswali nje kwenye vumbi. Wangeanza alasiri hiyohiyo.

Duka halikujengwa kuelekea kibla, kwa hiyo ilibidi safu zikate sakafu mshazari. Imamu alikuja asubuhi akaonyesha safu ya kwanza. Zilizobaki alizichora shemeji yangu, fundi mwashi aliyelijenga duka lenyewe. Alipima nafasi kati ya safu kwenye ukuta mmoja tu. Upande wa pili akakisia kwa macho. Mistari ikatanuka kama vidole vya mkono.

Mama aliitazama kutoka mlangoni. "Wa mbele wanaelekea Makka," alisema. "Wa nyuma wanaelekea kambi ya wakimbizi ya Ifo."

"Hooyo, imepinda kidogo tu," shemeji akajitetea.

"Kidogo hapa. Huko mbali je?"

Nikaomba chaki. Mama akacheka. "Wewe? Banissa, Takaba, kote umezunguka. Lini umekuja nyumbani kwa njia iliyonyooka?"

Nilifuta mistari ya shemeji, nikakata kipande cha boksi la sabuni kilingane na pembe kati ya safu ya imamu na ukuta. Hilo nililitoa sekondari: mistari ikikata ukuta ulionyooka kwa pembe ileile, upande uleule, haikutani kamwe. Nikakitelezesha kipande ukutani, na kila palipotakiwa safu tukavuta uzi wenye chaki, shemeji akishika ncha ya pili. Mwisho nikakipeleka ukuta wa pili, nikakizungusha nusu duara palepale sakafuni. Kikakaa sawasawa kwenye kila mstari, kwa kuwa kuta zote mbili zilikuwa sambamba.

"Kuta ni zangu," shemeji akasema. "Hapo usijisifu."

Alasiri nilikaa nje na madumu ya maziwa. Mama alichagua safu ya nyuma kabisa, ile ya Ifo. Walipotoka, nikamsikia akimwambia mwenzake ambaye hakuwa ameuliza kitu:

"Umeona safu zilivyonyooka? Amezipiga mwanangu. Huyu hapa, huyu asiyetulia."

Nimemletea mengi kutoka safarini. Hakuna alilowahi kulitangaza sokoni ila hilo.