Ubongo wa Baba Haukungoja

Mie nina hasira za karibu, tangu utotoni, na sitajipamba hapa. Kwa hiyo nikisema kwamba siku aliyofariki baba nilimfokea kaka yangu mkubwa mbele ya waombolezaji, naomba mnisikilize kwanza kabla hamjasema yule dada hana adabu.

Baba alikuwa karani mstaafu. Alitoka bara akiwa kijana, akazeekea Dar, na miaka ya mwisho aliishi Bunju kwa kaka. Ugonjwa wake ulianza na mkono wa kushoto kutetemeka, kisha ukapanda kichwani, kumbukumbu ikaanza kuvuja. Babu yetu naye aliondoka hivyohivyo, na kule kijijini walisema karogwa. Baba alikuwa haafiki maneno hayo hata kidogo. Mtu aliyepanga mafaili maisha yake yote hapendi jambo lisilo na jina.

Damu yake ilipimwa, haikusema kitu. Daktari mmoja wa utafiti, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, akatueleza kwamba magonjwa ya namna hiyo yanafanana sana mtu akiwa hai, na jibu la uhakika limo kwenye ubongo wenyewe, ukiangaliwa baada ya kifo. Kama baba angekubali kuutoa, wangejifunza, na sie tungejua kama kitu kile ni cha kurithi. Baba akasema, "Chukueni tu. Mie nitakuwa naufanyia nini?" Tukacheka. Kaka hakucheka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni, na wote mle ndani tulijua kwa nini. Ulikuwa umeanza kutetemeka.

Basi hilo ndilo lililokuwa likitungoja kwenye kichwa cha baba. Kaka yangu ana watoto watatu.

Daktari alikuwa na sharti moja tu, akalirudia mpaka likachosha. Baba akikata roho tumpigie yeye simu, saa hiyohiyo, na mwili uende mochwari kwenye baridi bila kukawia. Alisema ubongo ni laini kuliko kiungo chochote. Ukikosa damu unaanza kujila wenyewe, na joto la huku kwetu linauharakisha. Baba, ambaye siku hiyo akili yake ilikuwa imetulia, akadakia, "Kumbe ni samaki wa soko la Feri! Barafu mapema, la sivyo umekula hasara." Daktari alicheka mpaka akatoa kitambaa. Kisha baba akanigeukia mie: "Mama, wewe ndiye utakayepiga simu. Kaka yako ana moyo wa karatasi."

Nilikubali. Mie nakaa Pugu, mji mzima uko kati yangu na Bunju, lakini simu haina foleni. Ndivyo nilivyofikiri.

Siku yenyewe nilikuwa darasani, nafundisha la tatu. Kaka akapiga. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, tena ya kawaida mno, na sikushtuka, ndio maana mpaka leo naumia. "Mzee kazidiwa kidogo," akasema. "Ukipata nafasi uje. Usikimbie, njoo taratibu."

Sasa, nani katika nchi hii hajui maana ya njoo taratibu? Kwetu mtu aliye mbali haambiwi kifo kwenye simu. Anaambiwa mgonjwa kazidiwa, avute pumzi, apande gari, afike akutane na watu wa kumdaka. Wote tunafanya hivyo, na tunafanya kwa upendo. Ila baba alikuwa anazidiwa kila mwezi! Mara kifua, mara kagoma kula. Nikamalizia kipindi. Nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Njiani nikashuka kununua machungwa na unga wa lishe, maana nilijisemea nikifika nitamkorogea uji mwenyewe, wifi yangu anautengenezaga mzito.

Nilipokata kona ya kwa kaka nikaona turubai. Chini yake viti vya plastiki, wanaume wameinamisha vichwa. Machungwa yalinidondoka, na sikumbuki nani aliyaokota.

Wifi akaja kunikumbatia. Nikamsukuma. "Lini?" nikauliza. Akasema pole wifi, kaza moyo, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Nikasema sijauliza nani katwaa, nauliza lini! Akajibu kwa sauti ndogo: alfajiri.

Alfajiri. Na jua wakati huo lilikuwa limeshavuka utosi, bati linalia kwa joto.

"Yuko mochwari gani?"

Kaka akatoka mlangoni, macho mekundu, akasema baba yuko chumbani kwake. Walikuwa wananingoja mie. Mtoto wa kike lazima amwone baba yake kabla hajatolewa nyumbani, ndivyo tulivyolelewa, na kaka hakutaka nije kulaumu kwamba baba kaondolewa sijamwona.

Ndipo nikalipuka. "Nyie watu! Mwendesha bodaboda wa hapo kona anajua, muuza genge anajua, Bunju nzima inajua baba yangu amekufa, isipokuwa mie! Mie niliyeambiwa nipige simu! Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Haya, mficha kifo nani atamuumbua?"

"Ungeanguka njiani, mdogo wangu," kaka akasema. "Ungegongwa na gari. Ningewaambia nini watu?"

"Si ungempigia daktari wewe!"

"Ningempigiaje daktari kabla yako? Wageni wajue baba amefariki na binti yake hajui?"

Alikuwa sahihi kwa mila zetu zote, na bado nilitamani kumzaba kibao.

Chumbani walikuwa wamefunga madirisha kwa heshima. Feni ilikuwa imezimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Baba alifunikwa shuka jeupe mpaka kidevuni, na nilipomgusa paji la uso halikuwa la baridi. Nililia nikiwa nimeushika mkono ule wa kushoto, uliokuwa umetulia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nilimlilia baba, na nilikuwa nalilia pia zile saa.

Daktari nilimpigia hukohuko chumbani. Aliuliza amefariki lini na yuko wapi, nikamwambia. Akasema, "Pole sana, dada. Tunakuja." Hakunilaumu. Ingekuwa nafuu angenilaumu, ningepata mtu mwingine wa kugombana naye.

Walimchukua, wakafanya kazi yao kwa adabu, wakatukabidhi mwili ukiwa nadhifu kiasi kwamba hata wazee waliokuja na minong'ono yao walinyamaza. Tukamsafirisha bara, tukazika.

Miezi ikapita. Daktari akatuita ofisini kwake, mie na kaka. Alimwamkia kaka shikamoo, akatuwekea maji ya kunywa, akaanza kuzungumza polepole. Walikuwa wameona sehemu ambazo seli zilikufa. Tatizo, akasema, ni kwamba baadhi zilikufa kwa ugonjwa baba akiwa hai, na nyingine zimeharibika baada ya kifo, kwa kukaa na kwa joto, na pale walipopahitaji zaidi mambo hayo mawili yamechanganyika. Alama ndogondogo walizozitafuta ndizo zinazowahi kupotea. Hawezi kutaja ugonjwa kwa uhakika. Hawezi kusema ni wa kurithi, wala kwamba si wa kurithi.

"Kwa hiyo na mie hamnijui," kaka akasema.

"Bado hatujui, kaka. Samahani."

Kaka akamshukuru. Akainamisha kichwa kama mtu kanisani, akanywa maji yake mpaka yakaisha, mkono wa kushoto mfukoni. Nilimtazama na hasira zote zikanitoka. Nikabaki na woga mtupu. Bora hasira. Ukiwa nayo unaona una la kufanya.

Tulirudi Bunju. Wifi alikuwa ametupikia ndizi na nyama, na akatutazama usoni, akaelewa, hakuuliza. Tukanawa, tukaketi barazani. Kaka alikula vizuri tu, akasifia chakula, akaniuliza habari za shule, za watoto wa la tatu. Kisha akaweka kijiko chini, akanitazama kwa macho ya kawaida kabisa.

"Hivi, mdogo wangu," akasema, "yule daktari wa mzee atatuita lini, akatupe majibu?"

Wifi alisimama na jagi la maji mkononi. Sikuthubutu kumwangalia.

"Bado, kaka," nikasema. "Watatupigia. Wewe kula kwanza, kula taratibu."