Mashine Isiyosaga Unga

Wiki iliyopita, stesheni ya Mpanda, niliona mashine kuukuu ya kuchapia, chuma kitupu, ikishushwa kwenye behewa. Mwenyewe, mwalimu mstaafu, aliinunua misheni huko Tabora ili achape kadi za harusi. Wachukuzi waliigusa, wakatikisa vichwa, wakarudi kukaa kivulini.

Mama mmoja akauliza, "Hiyo ni ya kusaga, Mwalimu?"

Mwalimu akakohoa, akatazama pembeni. "Mashine ni mashine, mama."

Basi! Kina mama wakajifunga khanga viunoni na kuishika. Wachukuzi wakaona aibu, wakainuka. Mashine ikapanda mkokoteni, ikasukumwa kwa nyimbo mpaka mtaa wa Makanyagio, nami nikifuata nyuma. Ilipotua tu uani kwa Mwalimu, yule mama akaja na debe la mahindi kichwani.

"Tunamwagia wapi?"

Mwalimu akakiri kwa sauti ndogo kwamba mashine yake inachapa maneno tu.

Mama akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Maneno? Tangu vyama vingi vije, Mwalimu, maneno tumepungukiwa lini?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi, mwandishi wa gazeti ninayelipwa kwa maneno, niliinama, nikajifanya nafunga kamba za viatu.