Shina Lililopinda

Jirani yangu Mmeksiko, hapa mjini Hilliard, huketi mlangoni mwa gereji akichora vyungu vyake kwa brashi nyembamba iliyotengenezwa kwa nywele, akizuia pumzi kila anapogusa udongo. Mkono wake hautikisiki hata lori likipita. Kila chungu hukipa ua la buluu, na kila ua shina lililopinda-pinda katikati. Jumamosi mteja mmoja alimletea rula ili imsaidie kunyoosha. Mimi damu ilinichemka. Yeye aliipokea kwa adabu, akaitumia kukorogea rangi. "Bibi yangu alipozeeka, mkono ulimtetemeka hapo," alisema. "Mama akamwiga, nami nikamwiga mama." Kisha akachukua chungu kipya, akateremsha shina taratibu, na alipofika katikati, mkono ule mtulivu ukatetemeka.