Neno Nililomwita Babu wa Watu

Mimi hakuna kinachonishangaza tena. Nimechimba visima kuanzia Sur mpaka Nizwa. Nilianza na lori bovu la kukodi na darasa sita tu kichwani, na leo nina mitambo minne, na wahandisi wenye shahada zao wananingoja nimalize kahawa ndipo waseme. Nimetoa maji pale walipoapa hakuna. Basi nikajiona nimeshayaona yote, mpaka alasiri ile nyumbani kwangu Ibra.

Mama yangu aliletwa huku upande wa Maskati kutoka Unguja ana miaka kumi, baada ya mapinduzi. Kiarabu chake wajukuu wanakicheka mpaka leo. Kwa hivyo nikamtafutia mtumishi wa huko huko Unguja, apate wa kusemezana naye. Tangu siku msichana yule alipoingia na "Shikamoo, Bibi" yake, nyumba ilichangamka. Wakisonga boko-boko pamoja huku wanataniana.

"We mtoto, hiki Kiswahili cha wapi?"

"Cha sasa, Bibi. Chako cha kuwekwa makumbusho."

Mama alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Kwangu mimi, na visima vyangu vyote, hajapata kucheka vile.

Siku hiyo tumekaa ukumbini baada ya sala, na baba mkwe wangu, mzee wa Birkat al Mauz, kaja kututembelea. Televisheni ikaonesha soko limelipuliwa, nchi sijui ipi, na mtangazaji kila neno la pili ni irhab, ugaidi. Mama akaweka kikombe chini.

"Kama magaidi waliomchukua baba yangu," akasema. "Mtu anauza vitambaa, hana hata kisu cha kumenyea embe."

Msichana alikuwa anamimina kahawa. Akasema polepole, "Bibi, usinichukie. Babu yangu alikuwemo katika watu wale. Kwetu tunamwita mkombozi. Na mtaa aliokuwamo ndio huo huo wa kwenu unaonitajia kila siku."

Mama akamtazama sana. "Yu hai?"

"Yu hai, Bibi. Macho tu ndiyo hayaoni."

Mama akafungua mdomo aseme tena. Mimi nikamkatiza. Nilisimama, nikapiga ukelele mpaka majirani wakasikia: "Babu yako gaidi! Na anayemsifu gaidi halali ndani ya nyumba yangu! Khalas!"

Asubuhi nilimpeleka mwenyewe uwanja wa ndege Maskati, nikijiona dume.  Aliposhuka garini akaniambia, "Dawa ya presha ya Bibi imo kwenye kopo la bizari nyembamba. Huwa anaificha."

Nilirudi nikitarajia kuombewa dua.

"Nimekulipia kisasi, mama," nikamwambia.

"Nani kakutuma? Umri wote huu sijui baba yangu kazikwa wapi. Nilikuwa na swali moja tu."

"Kwa gaidi?"

"Kwa yeyote anayejua, mwanangu."

Baba mkwe alikuwa bado yupo, amekaa pembeni na bakora yake. Akasema, "Ujanani, tulipokuwa mlimani tunapigana na Sultani na ndege zinatupiga, redio ilituita waasi na wahalifu. Mama zetu walituita mujahidina. Na wewe, nikija hapa unanipa kahawa mimi mwanzo. Umenipa jina gani?"

 Nikamuuliza mwanangu anayesoma sheria: ugaidi hasa ni nini? Akaniambia mataifa yamekaa miaka na miaka yanabishana juu ya neno hilo na bado hayajaafikiana. Mimi nililikatia hukumu kahawa haijapoa.

Hata hivyo sikujishusha. Mtu kama mimi nimpigie simu mtumishi? Miezi mitano ikapita. Mama hakununa, alipungua tu. Jikoni haendi, televisheni hataki, mzaha wa wajukuu haumfiki. Mwisho nikapiga.

"Shikamoo, baba," akaitikia, kama hapakupita kitu.

Nikamweleza swali la mama. 

"Babu tumemzika. Leo wiki ya tatu."

"Na wewe hukumuuliza chochote?"

"Ningemuuliza nini? Nilirudi nimeshaanza kumwogopa, baba. Lile neno ulilomwita lilinikaa kichwani. Nikimpelekea chakula, naweka chini, naondoka. Akiniita, najifanya sisikii."

Nilitaka kumdanganya mama, nimtajie kaburi lolote, ulimi ukakataa. Nikamwambia yote. Alisikiliza, tasbihi imesimama kidoleni.

"Kwa hivyo yule mzee naye alikufa hana wa kusema naye," akasema.

Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Watu huniuliza utajiri wangu umetoka wapi, nami hujisifu, maana nimeuvujia jasho. Hawaniulizi nini kilinipotea na kwa bei gani. Ni tiketi moja tu ya msichana yule, ya kwenda Unguja bila kurudi. Nililipa taslimu, wala sikuomba kupunguziwa: riyali sitini na saba na baisa mia tano.